Tuhesabu Nini? Mhadhara wa Paje juu ya Utafiti wa Mahusiano ya Makundi Vyuoni

Mhadhara huu ulitolewa Paje, Mkoa wa Kusini Unguja, mbele ya walimu, wanafunzi wa vyuo, wafanyakazi wa hoteli na wakaazi wa shehia. Unachapishwa karibu kama ulivyosemwa.



Mheshimiwa Sheha, wazee wa Paje, Bwejuu na Jambiani, walimu wenzangu, vijana mliopanda daladala kutoka Tunguu na Vuga, ndugu zetu wa hoteli mlioomba ruhusa ya saa mbili, na kina mama wa mwani: ahsanteni kwa kuja. Nimeonywa nisiseme "itifaki imezingatiwa", kwa sababu wazee wa huku wanapenda kutajwa. Basi nimewataja. Waliopanga siku hii nao wana akili ya kuangalia bahari. Leo ni maji mafu. Lau tungekutana siku za bamvua, kina mama wangekuwa kwenye mwani, nusu ya viti hivi vingekuwa vitupu na ningebaki nazungumza na wasomi peke yao.

Nimeombwa nizungumzie utafiti unaofanywa na vyuo vikuu juu ya mahusiano baina ya makundi ya watu, yaani watu wa dini hii na ile, kabila hili na lile, visiwani na bara, mwenyeji na mgeni, na juu ya mchanganyiko wa wanafunzi vyuoni. Mwaliko wa awali ulikuwa wa ukumbi wa chuo. Nikaomba tuje huku, kwani hakuna chuo Zanzibar chenye mchanganyiko unaoushinda ufukwe huu. Kutoka mwisho wa mji hadi mwisho wa hoteli utakutana na mama wa Paje anafunga mwani kwenye kamba, kijana wa Kimasai anauza shanga, Mkenya kwenye mapokezi, mpishi wa Mwanza, mwalimu wa kaiti aliyejifunzia hapa hapa, na mwenye hoteli aliyetoka Ulaya. Wote wanaitana "rafiki". Kama ni marafiki kweli, hilo ndilo la kutafitiwa.

Kusudi langu ni kuuliza: tukitaka kujua kama watu waliochanganyika wanaishi vizuri, tuhesabu nini? Nina hoja nne. Hazilingani kwa urefu, na ya pili itawachosha, kwa hiyo maji ya kunywa yapite sasa.

Hoja ya 1: Chuo kikuu ni mahali ambapo sheria yenyewe imetukutanisha

Mtoto wa Paje husoma skuli chini ya Wizara ya Elimu ya Zanzibar. Mtoto wa Geita husoma shule chini ya serikali ya bara. Elimu yao ya chini si jambo la Muungano. Ya juu ni jambo la Muungano. Kwa hiyo mtu anaweza kufika miaka 20 hajawahi kukaa dawati moja na mtu wa upande wa pili, kisha akapewa chumba kimoja naye, bafu moja, na foleni moja ya kusubiri bumu, yaani pesa za mkopo.

Jambo hili lina historia. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilikuwa na darasa moja la sheria, wanafunzi wasiofika 15, katika jengo la Mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na masomo yakagawanywa: udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar es Salaam. Mkenya aliyetaka uwakili ilimbidi aje Mlimani, Dar es Salaam. Mtanzania aliyetaka uhandisi ilimbidi aende Nairobi. Hakuna aliyehubiriwa udugu. Somo lenyewe lilimhamisha. Mwaka 1970 chuo hicho kikavunjwa, kila nchi ikachukua chake, na mchanganyiko ule ukaisha bila kufanyiwa tathmini ya maana.

Hapa kwetu vyuo vikuu ni vichanga. Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu na Chuo cha Elimu cha Chukwani vilianza 1998, vyote viwili kwa nguvu za jumuiya za Kiislamu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilitungiwa sheria 1999 kikaanza kufundisha 2001. Mwaka 2023 Bweleo kukafunguliwa tawi la IIT Madras, la kwanza la taasisi hizo za teknolojia za India kuwa nje ya India, na mkuu wake wa kwanza ni mwanamke. Bara nako vyuo vya makanisa vilikuja juu miaka ile ile ya 1990, na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kikafuata 2005. Milango ya vyuo hivi iko wazi kwa wote, na wapo Waislamu wengi waliosoma kwa Wakatoliki Mwanza. Hata hivyo mzazi anapojaza fomu hufikiria mengi zaidi ya masomo, na tunajidanganya tukisema hatulijui hilo.

Hoja ya 2: Kuhesabu makundi kunaweza kuyafanya makundi

Nchi hii imeshawahi kuhesabiwa sana. Sensa ya 1924 iliwaandika watu zaidi ya 30,000 wa Zanzibar kuwa Waswahili. Ile ya 1931 ikawapata kama 2,000. Hapakuwa na tauni katikati wala meli iliyowachukua. Watu walikuwa wale wale. Jina ndilo walilolihama. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu burudani na siasa za mjini Unguja, ameeleza kwa nini: "Mswahili" lilikuwa limeshanasibishwa na asili ya utumwa, na serikali ya kikoloni iligawa haki na heshima kwa kufuata jina la kundi. Mwenye akili akahamia Uhadimu, Ushirazi au Uarabu, kila mtu kwa kadiri ya ushahidi aliokuwa nao, na wengine bila ushahidi. Ikaja Vita Kuu ya Pili, na mgao wa chakula ukafuata makundi hayo hayo, hata mchele ukawa na kabila lake. Baada ya hapo kabila halikuwa tena jambo la kuulizana barazani. Lilikuwa chungu cha jikoni.

Nawaomba wanafunzi wa utafiti mlitazame hili kwa makini. Karani wa sensa alidhani anaandika kitu kilichopo. Kalamu yake ilikuwa inakitengeneza. Na makarani hawakuwa peke yao. Mwaka 2011 mwanahistoria Jonathon Glassman alitoa kitabu kizima kuonesha kwamba chuki iliyolipuka Unguja miaka ya mwisho ya ukoloni haikuchipua mashambani kwa wakulima. Kwa sehemu kubwa ilipikwa na watu wa kalamu, yaani walimu, wahariri na waandishi wa magazeti ya pande zote. Wapo wanaobishana naye, na mimi baadhi ya kurasa zake nabishana nazo. Lakini mwalimu yeyote aliyekaa hapa hawezi kukisoma kitabu kile na kubaki ametulia.

Sasa tuvuke kwenda Kenya, wao wamechagua njia nyengine. Baada ya damu ya uchaguzi ya 2007 na 2008, Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka 2008. Kifungu chake cha saba kinakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Tume iliyoundwa na sheria hiyo ikaingia vyuo vikuu vya umma na daftari. Ikakuta vyuo vingi vimevuka mpaka huo, na kabila lililojaa aghlabu ni la pale chuo kilipojengwa au la yule anayekiongoza. Bila ya hesabu ile, jambo hilo lingebaki la kunong'onezana. Lakini hesabu peke yake haikuliponya. Septemba 2016 wanasiasa wa Eldoret waliongoza maandamano kuingia Chuo Kikuu cha Moi, wakipinga kaimu makamu mkuu wa chuo kwa kuwa si wa kwao. Miaka minane ilikuwa imepita tangu sheria itungwe.

Tanzania tulikwenda upande wa pili kabisa. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila na dini. Wakati wa sensa ya 2012 baadhi ya Waislamu walisusia kuhesabiwa, wakitaka dini irudishwe, kwa hoja kwamba usipohesabiwa huwezi kuonesha kuwa umeachwa nyuma. Hoja hiyo ina uzito, na kumwita mtu mchochezi si kumjibu.

Kuna utafiti mmoja ambao sisi Watanzania tunaupenda kama tunavyopenda kusifiwa na mgeni. Edward Miguel, mchumi wa Marekani, alilinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya bara, wilaya mbili zenye hali zinazokaribiana, akachapisha matokeo mwaka 2004. Busia, penye mchanganyiko mkubwa wa makabila watu walichangia skuli kidogo. Meatu, mchanganyiko haukupunguza mchango. Sababu aliyoiona ni siasa ya kujenga taifa: Kiswahili, mitaala, na serikali za vijiji zisizo za kabila. Nakubaliana naye kwa Meatu. Ila Meatu si Unguja. Alipima kabila, hakupima chama wala dini. Na sisi tumegawana maduka na hata maziko kwa vyama, si kwa makabila. Kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, ambayo theluthi mbili ya wapiga kura waliitikia serikali ya umoja wa kitaifa, ilikuja kutibu donda ambalo halimo kabisa katika jedwali la Miguel.

Mwisho wa hoja hii ni nini? Kuacha kuhesabu si uadilifu, na kuhesabu asili za watu nako kuna madhara yake. Mimi msimamo wangu ni kwamba chuo kihesabu yale ambayo watu wanafanya kabla ya kuhesabu walivyozaliwa: nani anasoma na nani, nani anaazimana daftari na nani, nani anampigia nani simu akiumwa usiku. Daftari la asili lifunguliwe pale tu ambapo kuna dhuluma inayodaiwa na kuna mtu wa kuiondoa. Najua wapo wenzangu hapa mbele wanatikisa kichwa. Tutakutana kwenye maswali.

Hoja ya 3: Kukaa pamoja hakutoshi; inategemea mnakaa kwa masharti gani

Mwaka 1954 Gordon Allport wa Harvard aliandika kuwa makundi yakikutana, dharau hupungua ikiwa mambo manne yapo: walio ndani wana hadhi sawa, wana lengo moja, wanashirikiana badala ya kushindana, na wenye mamlaka wanaunga mkono. Thomas Pettigrew na Linda Tropp wakaja kukusanya tafiti 515 za aina hiyo mwaka 2006, wakakuta kwa jumla kukutana kunapunguza chuki, hata pale masharti yote yasipotimia, lakini yakitimia matokeo huwa makubwa zaidi.

Tafiti za karibuni zimekuwa kali zaidi. Matt Lowe aliunda ligi ya kriketi India, akachanganya matabaka. Vijana waliotiwa timu moja na watu wa tabaka jengine wakapata marafiki wapya. Waliokutana na watu wa tabaka jengine kama wapinzani tu hawakupata faida hiyo. Kwa mambo mengine hata walirudi nyuma. Salma Mousa naye alikwenda kaskazini mwa Iraq kwa Wakristo waliofukuzwa makwao, akawaingiza wachezaji Waislamu katika baadhi ya timu zao za mpira. Miezi mingi baadaye Wakristo wale walikuwa bado wanafanya mazoezi na Waislamu. Lakini walipopewa nafasi ya kwenda kula Mosul, katika mji wa Waislamu, wengi hawakwenda. Urafiki ulishika uwanjani, nje ya uwanja ukasita. Vijana wa mpira wa Paje, mnacheka kwa sababu mnajua.

Kwa vyuo, mfano ulio bora kwangu ni Cape Town. Watafiti watatu, Lucia Corno, Eliana La Ferrara na Justine Burns, waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliopangiwa vyumba bila kuchagua. Weupe waliolala chumba kimoja na weusi walipunguza dhana mbaya, na weusi waliopangwa na weupe wakafanya vizuri zaidi katika mitihani. Utafiti ulitoka 2022. Kumbukeni lakini: hawakuchagua wenyewe. Chuo ndicho kilichopanga.

Mwalimu Nyerere hakusoma takwimu hizi, lakini alijua. Jeshi la Kujenga Taifa ni masharti manne ya Allport yaliyovishwa gwanda: nguo moja, jembe moja, mchakamchaka mmoja, na afande asiyetaka kujua baba yako ni nani. Mpango wa kuwapeleka vijana kwa lazima ulisimama 1994, ukarudi 2013. Mlimani nako, mwaka 2017 zilifunguliwa hosteli mpya za kulaza wanafunzi 3,840, majengo 20 kwa mara moja. Kila mtu alizungumzia gharama. Mimi nilitaka kusikia vitanda vimegawanywaje: kwa kura, kwa kozi, au kwa kujuana?

Maana ukitembea chuo chochote cha Tanzania saa kumi jioni, tazama vimbweta. Zege ni lile lile, lakini kimbweta hiki wamekaa watu wa mkoa mmoja, kile waliosoma skuli moja, pale wenye hijabu, na kule wenye kompyuta nzuri. Hawajagombana. Hawana tu sababu ya kukaa pamoja. Siku mwalimu akigawa makundi ya diskasheni kwa orodha yake mwenyewe, wananung'unika wiki moja, kisha wanazoea. Hilo ni jambo dogo na halihitaji bajeti, na bado walimu wengi tunawaachia wanafunzi wajigawe wenyewe kwa sababu ni rahisi.

Hapa Paje masharti hayo manne yanayumba kuanzia lile la kwanza. Ajira ya hoteli haikutoa hadhi sawa. Kuna kazi ambazo familia nyingi za huku hazikutaka watoto wao wazifanye kwa sababu ya pombe, kuna lugha ambazo mtoto wa skuli zetu hakufundishwa vya kutosha, na kuna mwajiri aliyeshazoea kuajiri kutoka nje ya kijiji. Matokeo yake mwenyeji na mtu wa bara hukutana kama washindani wa nafasi moja, na Lowe ameshatwambia ushindani huzaa nini. Msiwaambie vijana "pendaneni". Watazameni wanakutania wapi, na nani amepewa nini.

Hoja ya 4: Kundi ambalo utafiti haulihesabu ni watafiti

Hoja hii ni fupi lakini ndiyo iliyonileta. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwarudisha makwao kwa mamia, na yeye mwenyewe akajikata mshahara. Wale vijana walikuwa wa makabila mengi na dini tofauti. Mchanganyiko wao ulikuwa wa kupigiwa mfano. Walichokosa ni kujiona sehemu ya watu wanaowalipia karo. Mpasuko mkubwa wa chuo siku ile ulikuwa baina ya msomi na mkulima, na hakuna dodoso la mahusiano ya makundi lenye kisanduku cha hilo.

Kina mama wa Paje mnalijua hili kuliko mimi. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989. Tangu hapo mmehojiwa na kila aina ya mwanafunzi, wa ndani na wa nje, na karatasi zao mmeziona zikiondoka. Lakini mmeona na mfano wa pili. Maji yalipoanza kupata joto na mwani wa aina ya kotonii ukawa unaoza, watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Flower Msuya akiwa mbele yao, waliingia majini pamoja na wakulima kujaribu nyavu za bomba katika maji ya kina. Hapo palikuwa na lengo moja, na mwenye kujua mkondo alikuwa mama, si daktari. Ukitaka kujua sura ya mahusiano mazuri baina ya makundi, anzia kwenye kamba ile kabla hujasafiri kwenda Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, ambako walianzisha programu nzima ya mambo haya mwaka 1988. Michigan nako kuna ya kujifunza: wanawakalisha wanafunzi wa makundi mawili kwa muhula mzima, idadi sawa kila upande, wazungumze yale yanayouma kwa kuongozwa. Lakini darasa lao liko ndani ya ukuta wa chuo.

Ya mbele

Sasa niseme ninachotaka kifanyike. Wanafunzi wa utalii wa SUZA kutoka Maruhubi huja hoteli za pwani hii kwa mafunzo ya vitendo. Nataka waje wawili wawili, mmoja wa visiwani na mmoja wa bara, na chuo ndicho kipange, si wao. Wakae na familia za Paje, si kwenye vyumba vya wafanyakazi nyuma ya hoteli. Kila jozi ifanye kazi yenye tija kwa mtu wa hapa: daftari la hesabu la kikundi cha mwani, au Kiingereza cha mapokezi kwa vijana watano wa kijiji. Utafiti uwe juu ya kazi hiyo: nani alimwita nani, nani alibaki na urafiki baada ya msimu, nani aliajiriwa. Dodoso lisiulize dini wala kabila katika ukurasa wa kwanza. Na matokeo yasomwe hapa, kwa Kiswahili, kabla ya mwanafunzi kupewa alama zake. Kina mama wakisema "siyo hivyo", arudi akaandike upya.

Vijana wa Bweleo, mmo? Nimeambiwa mmekuja watatu. Nyinyi mnajua mashine za kuchambua takwimu. Kazi ya mtandao wa nani-anamjua-nani ni yenu, na India mnayo ligi ile ya kriketi ya kutusimulia vizuri zaidi kuliko mimi.

Sheha amekubali kutafuta darasa la skuli kwa mikutano ya jioni. Walimu wawili wa SUZA waliokaa mbele wamesema watalipeleka ombi kwenye idara. Iliyobaki ni orodha ya maswali ya dodoso, na sitaki iandikwe Tunguu. Karatasi zinapita sasa. Kila mtu aandike swali moja ambalo angependa mtu wa kundi jengine aulizwe, na asiyeandika amwambie kijana aliye karibu naye. Tuna muda hadi adhana ya alasiri. Mama pale nyuma, nimeuona mkono wako tangu hoja ya pili. Anza wewe.